Tupeni Video Mbichi

Faili la mradi si video. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaumiza watu, na kwa sababu waliolijua tangu zamani hawakutuambia.

Nyumba nyingi za Kiembeni zina kitu cha aina hii juu ya kabati: kompyuta kuukuu isiyowaka, diski iliyovikwa mfuko wa plastiki, au boksi la kiatu lenye DVD za harusi, maziko na posa. Mtu wa video alihama, au alipata kazi Ghuba, au alifariki, na watu wake wakaita wateja wa zamani: njooni mchukue vitu vyenu. Mkachukua. Mkatafuta kijana wa kompyuta. Kijana akafungua folda, akakuta faili lenye jina la nyanya yenu marehemu, na sebule nzima ikasogea karibu. Akalibofya. Programu ikafunguka polepole, ukaja mstari mrefu wa vipande, na juu ya kila kipande ujumbe uleule: video haionekani, niambie iko wapi.

Hapo lawama huanza. Ni virusi. Ni stima ya Kiembeni, inapotea na kurudi kwa kishindo. Ni huyu kijana, alibonyeza nini? Mimi ni mmoja wa hao vijana wanaoletewa diski, na nasema lawama hizo zinapiga mahali pasipo. Kilichopotea hakikupotea siku ile mlipowasha kompyuta. Kilipotea zamani, wiki chache baada ya harusi, studio ilipomaliza kazi na kufuta video zenyewe ili ipate nafasi ya harusi ya Jumamosi inayofuata.

Ebu tuielewe mashine kidogo. Programu ya kuhariri, iwe ni Adobe Premiere, Pinnacle Studio au Windows Movie Maker ya enzi hizo, haikuweka picha ndani ya faili la mradi. Iliandika maelekezo tu. Kipande cha kwanza kiko diski E, folda fulani. Kianze dakika ya 4, kiishe dakika ya 5. Weka ua linalozunguka. Andika majina ya maarusi kwa rangi ya dhahabu. Basi. Ni kama ile karatasi ya biriani inayobaki mezani baada ya shughuli: mchele kilo kadhaa, nyama, viazi, zafarani, nani alete nini. Ukiikuta miaka 20 baadaye utajua kila kilichopikwa. Hutashiba.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi yametufika kinyume: tumebaki na daftari, mali ndiyo imekwenda.

Na ilikwenda kwa hesabu rahisi. Kaseti ndogo ya MiniDV ilichukua dakika 60 kwa kasi ya kawaida. Ukiihamishia kwenye kompyuta, saa hiyo moja ilikula karibu gigabaiti 13. Mwenye studio aliyekuwa na diski ya gigabaiti 40 mwaka 2004 aliweza kuingiza kaseti 3 hivi na diski ikajaa. Harusi ya Mombasa haiishi kwa kaseti 3. Kuna nikahi, kuna kupamba, kuna kumpeleka bibi harusi, kuna ukumbi. Kwa hivyo alihariri, akachoma DVD, akafuta. Kaseti nazo akazirudisha ndani ya kamera akarekodi watu wengine juu yenu. Faili la mradi likabaki kwa sababu moja tu: lilikuwa dogo mno kumsumbua.

Kwa hiyo mtu akikwambia tatizo ni programu kupitwa na wakati, mkubalie nusu. Ni kweli programu hufa. Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X, na ile mpya haikuweza kufungua miradi ya Final Cut Pro 7 iliyoitangulia. Oktoba 2019 ukaja mfumo wa macOS Catalina, ambao hauendeshi programu za biti 32, na Final Cut Pro 7 ikawa haina pa kusimama humo. Januari 2017 Microsoft iliacha kuitoa Windows Movie Maker. Haya yote yanaudhi. Lakini mtu mwenye subira anaweza kutafuta kompyuta ya Windows XP, akaisafisha vumbi, akapata programu ileile ya mwaka uleule, na mradi ukafunguka sawasawa. Kisha atakutana na ujumbe uleule: video iko wapi?

Sisemi diski itupwe. Kuna mambo ya kujaribu, na ni ya bure. Kwanza, usisakinishe chochote kwenye diski ya zamani. Inakili yote mahali pengine, ufanye kazi kwenye nakala. Pili, tafuta mafaili kwa ukubwa, usitafute kwa jina, kwa sababu video iliyotoka kwenye kaseti ni kubwa na mara nyingi imepewa jina la hovyo. Tatu, angalia folda ambazo programu ilitumia kuhifadhi vipande vilivyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya kutazamwa wakati wa kazi. Humo hubaki sekunde chache hapa, dakika moja pale, na ni picha za kweli. Nne, kwenye diski ya zamani ya sahani inayozunguka, faili lililofutwa hukaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuliokota. Tano, faili la mradi la Premiere Pro ni maandishi yaliyobanwa. Ukilifungua utayasoma majina ya vipande vyote, na kama kazi ilifanywa vizuri utaona namba ya kaseti na saa kamili ndani ya kaseti.

Hilo la tano ndilo linalonikasirisha kuliko yote. Maana yake ni kwamba kama kaseti zingekuwepo, daftari lingefanya kazi. Ungetia kaseti namba 2 kwenye kamera, na programu ingeizungusha yenyewe hadi pale inapopataka na kuchukua kipande upya. Ile kazi yote ya kukata na kuunga ingerudi hai. Mfumo ulijengwa kwa imani kwamba mtu mwenye akili hawezi kutupa asili akabaki na karatasi. Sisi tulifanya hivyohivyo.

Wazee wetu walikuwa na bahati kutuzidi. N. V. Parekh alikuwa na studio ya picha hapa Mombasa, watu wakaenda kwake na nguo zao nzuri kuanzia miaka ya 1940 hadi 1980, na leo picha hizo zimo ndani ya kitabu cha Isolde Brielmaier. Picha ya karatasi inahitaji macho na mwanga wa dirisha tu. Kaseti inahitaji mashine. Faili la video linahitaji mashine na programu. Faili la mradi linahitaji mashine, programu, na juu ya hayo video zenyewe. Kila tulipopanda ngazi moja tuliambiwa ni maendeleo, na kila mara tulikabidhiwa kitu kisichoweza kusimama peke yake.

Sasa nifike kwa wenye studio. Najua mazungumzo yalivyokuwa, maana bado yanaendelea hivyo hivyo. Mama anauliza, “Ami, na zile kaseti zenyewe?” Naye anajibiwa, “Kaseti za nini tena, mama? Kazi ishatoka safi, nimekupa DVD tatu na jalada la picha.” Mama anaona haya kuonekana hajui mambo, anashukuru, anaondoka.

Kaseti za nini? Nitawajibia. Kwenye hiyo kazi safi, mhariri alizima sauti ya ukumbi na kuweka wimbo juu yake, kwa sababu ndivyo video ya harusi inavyotakiwa iwe. Kwa hivyo mna picha ya nyanya akiinama kwenye sikio la bibi harusi, mdomo unacheza, na mnachosikia ni kinanda. Sauti yake ilikuwepo. Kamera iliichukua. Ilikuwa kwenye kaseti, na kaseti ikarekodiwa maulidi ya watu wengine. Mna dakika 3 za bibi harusi akitembea taratibu, ikarudiwa mara mbili na vipepeo, lakini wanawake waliokaa jikoni tangu alfajiri wakipepeta mchele na kutaniana wamekatwa wote, kwa sababu jikoni si pazuri. Mzee aliyeketi pembeni na bakora yake, ambaye hakuna picha yake nyingine popote, alikatwa kwa sababu taa haikumfikia.

Simlaumu mhariri kwa kukata. Kazi yake ni kukata. Lakini yeye alikata kwa macho ya wiki ile, na sisi tunaangalia kwa macho ya miaka 20 baadaye. Wiki ya harusi kila mtu anamtazama bibi harusi. Miaka 20 baadaye bibi harusi yuko hapo sebuleni ana watoto watatu, anatafuta wale waliokuwa nyuma yake. Hakuna mhariri awezaye kujua nani atatafutwa. Ndiyo maana video mbichi, yaani kila kilichotoka kwenye kamera kabla ya mkasi, si takataka za kazi. Ndiyo kumbukumbu. Kile kilichopambwa ni tangazo lake.

“Lakini ile ni kazi yangu,” mwenye studio atasema. Haya, twende kwenye sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vingine. Soma tena. Uliyeagiza. Uliyelipa deposit, ukamaliza salio, ukamlisha mtu wa video na msaidizi wake biriani sahani mbili mbili. Sheria hiyo inazungumzia haki juu ya kazi. Kaseti kama plastiki inaweza kuwa ya studio, na hilo ni la kupatana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inampa mtu haki ya kupata taarifa zinazomhusu zinazoshikwa na mwingine, na uso wako ni taarifa inayokuhusu. Kwa hivyo anayekwambia kwamba video mbichi hazikuhusu, mwulize mlikubaliana hivyo lini, na karatasi iko wapi.

Kuna jambo jingine, na hili ni letu hasa watu wa pwani. Kwenye kupamba na shughuli nyingine za wanawake, simu hukusanywa mlangoni. Buibui zinavuliwa, nywele ziko wazi, watu wanacheza chakacha kwa raha zao kwa sababu hakuna mwanamume. Anatafutwa mwanamke wa kupiga video, na anaambiwa kabisa: hii isitoke. Familia nyingine hukataa hata nakala ya pili. Naiheshimu sana heshima hiyo. Ndiyo inayonifanya niulize: baada ya uangalifu wote huo, zile saa zote za video mbichi zilibaki wapi? Zilibaki kwenye diski ya studio. Studio ikafungwa, kompyuta ikauzwa kwa mtu wa mitumba, mtu wa mitumba akamuuzia mwenye cyber. Nimesema hapo juu kwamba programu ya bure inaweza kuokota kilichofutwa. Inamwokotea yeyote.

Kwa hivyo msitwambie kwamba kudai video mbichi ni kukosa haya. Anayetaka stara ndiye wa kwanza anayepaswa kudai. Kuiacha kwa mgeni si kuihifadhi wala si kuificha. Ni kuiacha njiani. Ikishakuwa mikononi mwa familia, familia itaamua yenyewe: hii ataitazama nani, hii itafungiwa, hii itafutwa. Wapo watakaoamua kufuta, na ni haki yao. Ninachokataa ni kufutiwa na mtu aliyetaka nafasi ya gigabaiti 13.

Nawasikia wenye studio wa Kiembeni, Bamburi na Mtopanga, na si watu wabaya. Kodi ya chumba iko juu, stima iko juu, wateja wanasumbua salio hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Mnauliza, mnataka tuwe makumbusho? Hapana, na hapo ndipo tunapokubaliana. Hamwezi kuwa makumbusho. Hewa yetu ya chumvi na unyevu inakula mashine zenu, na nyinyi wenyewe siku moja mtafunga. Basi msijibebeshe. Mpeni mwenyewe mzigo wake siku anapochukua kazi. Aje na diski yake, mnakilie, atie sahihi, mfute kwa amani. Mkitaka kutoza ada ya kunakili, tozeni. Mkiogopa kwamba mtu ataiweka mtandaoni video isiyopambwa yenye jina la studio, andikeni sharti hilo kwenye risiti. Yote yanazungumzika. Kisichozungumzika ni kimya.

Na kwa walio na kaseti bado ndani ya boksi, nyinyi hamna muda. Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na video, ilianzisha mradi wa kutoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, na mwaka ambao wataalamu waliutaja kuwa mpaka ni 2025. Hawakumaanisha kwamba kanda zote zinayeyuka. Walimaanisha mashine zinakwisha, vipuri vinakwisha, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Kamera ya MiniDV hutoa video yake kwa waya wa FireWire, tundu ambalo kompyuta za leo hazina. Kama kuna jirani mwenye deki au kamera inayozunguka, mfuateni wiki hii. Kaseti kwanza, faili la mradi baadaye.

Najua baadhi yenu mnaosoma hii kwenye simu mnajiona mko salama, mambo ya kaseti ni ya wazazi. Skizeni. Ile video ya babu akihadithia, mliyoikatia kwenye CapCut Idi iliyopita, rasimu yake ni kitu kilekile: daftari linaloelekeza kwenye vipande vya simu yako. Ukifuta programu, rasimu zilizokaa ndani ya simu zinakwenda nayo. Ukifuta vipande kwenye simu ili upate nafasi, daftari halina pa kuelekeza. Kilichobaki ni kile ulichotuma WhatsApp, kimebanwa, kimepunguzwa, sekunde 30 na wimbo juu. Babu alisema kwa dakika 40. Kwa nini alihamia bara, alirudi lini, nani alimuuzia kiwanja. Ulichagua sekunde alizocheka. Leo wewe ndiye mwenye studio, na wajukuu ndio watakaokuja kuuliza kaseti ziko wapi.

Na usinijibu “iko kwa klaudi.” Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine unayoilipia kodi. Ni pahali pazuri pa nakala ya pili. Siku kadi ikikataa au akaunti ikisahaulika neno la siri, utaandika barua pepe kwa watu wasiojua Kiembeni iko wapi. Nakala ya kwanza iwe ndani ya nyumba, kwenye diski ambayo watu wawili wa familia wanajua ilipo, na iwe faili la video la kawaida, MP4 ambayo simu yoyote inafungua. Mradi uhifadhiwe pia, ukipenda, ndani ya folda hiyohiyo pamoja na vipande vyake vyote. Peke yake usiupe hata jina.

Dai lenyewe ni dogo, linaingia kwenye risiti. Kabla ya kulipa deposit ya harusi, posa au maziko, andikeni mistari 3. Video zote mbichi, pamoja na sauti yake ya asili, zitakabidhiwa kwa familia siku ya kuchukua kazi. Studio itazifuta zake baada ya siku tutakazokubaliana. Hakuna kipande kitakachoonyeshwa popote bila idhini. Mtu wa video akikataa, mwulize sababu mbele ya wazee, halafu nendeni kwa mwingine. Kisauni haina uhaba wa kamera.

Na anayeoa au kuolewa mwaka huu aanze yeye. Nunueni diski kabla hamjachagua keki.